Daftari la Vilivyovunjika

Jumatatu, 3 Machi

Fundi wangu,

Nimekupigia simu mara mbili. Mara zote nilimsikia mkeo akikwambia kwa sauti kubwa kwamba ni mimi, nawe ukamjibu kwamba nyumba haiuzwi. Masikio yako yameshaikataa simu, kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu.

Mimi nipo, ila nimechoka. Desemba nakabidhi funguo za maabara. Wameshaniuliza nataka zawadi gani ya kustaafu, nikasema kiti chenye mgongo, maana miaka thelathini nimekalia stuli. Kusema kweli hata bakteria wenyewe wamenichosha, ingawa hilo siwezi kulisema mbele ya wanafunzi.

Lakini sikuandiki kwa ajili ya mgongo. Mwanafunzi wangu wa mwisho, Mama Pacha, yule aliyekuja mwezi ule wewe ulipokuwa unastaafu, anataka kuanzia pale nilipoishia mimi. Nikamwambia kwanza arudie jaribio letu la zamani, ambalo halijaguswa tangu uondoke, ili mkono uzoee. Unalijua kuliko mimi. Aina yetu ya bakteria ukiilea kwenye digrii thelathini inajigawa vizuri tu: pete inajifunga katikati ya seli, inakaza, inakaza, mpaka seli moja inakuwa mbili. Ukipandisha joto hadi arobaini na mbili, Kishikizo kinaachia, pete inasambaratika, na seli inarefuka tu bila kugawanyika. Chini ya hadubini unaona nyuzi tupu. Hicho Kishikizo ndiyo protini niliyoigundua na kuipa jina, na kila kitu nilichonacho kwenye taaluma hii kimening'inia hapo.

Mama Pacha ameniletea seli zilizokaa kwenye arobaini na mbili, nikainama kuangalia. Zimegawanyika. Fupi, nono, mbilimbili. Nikamwambia arudie. Amerudia mara nne, na zinagawanyika tu.

Sasa, Fundi, kuna mtu aliyewahi kuniletea matokeo haya haya. Yule binti tuliyemwita Kobe, kwa jinsi alivyofanya kila kitu taratibu. Miaka kumi na tisa iliyopita, mara sita, alinionyesha seli zilizogawanyika kwenye joto. Mara ya sita nilimwambia, mbele ya kikao cha Jumatatu, kwamba hana jicho la hadubini na afadhali atafute kazi nyingine. Aliondoka wiki ile ile, shahada yake ikabaki nusu. Kama Mama Pacha yuko sahihi leo, basi Kobe alikuwa sahihi wakati ule, na mimi nimejenga maisha yangu yote juu ya kitu kisichokuwepo.

Wewe ndiye uliyeliendesha kabati la joto tunamolelea seli miaka yote. Kuna namna uliyokuwa unafanya ambayo haimo kwenye madaftari? Nijibu, hata mistari miwili.

Daktari


Jumatano, 12 Machi

Kwako Daktari,

Barua imefika ikiwa imechanika ubavuni, kwa hiyo sasa posta nzima inajua kwamba unataka kiti.

Sisi hatujambo. Goti la kushoto limegoma, la kulia linafikiria kumuunga mkono mwenzake. Asubuhi namwagilia nyanya, mchana nazikagua, jioni mke wangu ananiuliza kama nimezipima urefu. Ananisema kwamba nimestaafu lakini mikono haijapewa taarifa.

Kuhusu swali lako, mimi nilifuata daftari. Huyo Mama Pacha atazame maji anayotumia, na chumvi, na kama chupa zinaoshwa mpaka sabuni inaisha. Vijana wa siku hizi wanasuuza mara moja wanaona wamemaliza. Na hiyo mbegu ya bakteria aichukue kutoka kwenye friza, ile niliyoandika kwa mkono wangu, asichukue ya kwenye visahani vya juzi.

Yule binti Kobe usimchimbue. Alikuwa mtu mzuri, lakini si kila mtu mzuri anaiweza kazi ile. Yaliyopita si ndwele, dada yangu. Una miezi tisa tu imebaki, kwa nini ujitie presha?

Nilitaka kuuliza, kabati bado ni lile lile? Na kile kipimajoto cha kioo kinachoning'inia ndani ya mlango, hakijabadilishwa?

Nisalimie kila mtu.

Fundi


Alhamisi, 20 Machi

Fundi,

Kabati ni lile lile. Kipimajoto ni kile kile, na kinasoma arobaini na mbili bila hata kupepesa. Tumebadilisha maji, tumebadilisha chumvi, chupa zimeoshwa mpaka Mama Pacha amepasuka vidole. Mbegu tumeitoa kwenye friza, ina mwandiko wako. Na safari hii sikumwachia mtu. Nimevaa koti langu, nimekaa kwenye stuli yangu, nimelifanya jaribio mwanzo mpaka mwisho kwa mikono yangu miwili. Seli zimegawanyika.

Nimeamua. Ikifika tarehe thelathini Aprili sina maelezo, naliandikia jarida waiondoe makala yangu. Yaani watangaze kwamba isisomwe tena, na kila kilichojengwa juu yake kiangaliwe upya. Wenzangu wananiambia niache, ni kitu cha zamani, nani atajua. Nitajua mimi. Sitaki kukalia hicho kiti watakachonipa nikiwa najua.

Nakuuliza tena kwa sababu moja. Siku ya kukuaga nilisimama na lile daftari letu la vilivyovunjika, lile ninalolisoma kila Jumatatu, jina la mtu na alichokivunja. Nilipekua mbele ya watu wote. Ukiacha chupa mbili za mwaka wako wa kwanza, jina lako halimo. Wenzako wamevunja hata vitasa vya milango. Watu walipiga makofi, nawe ukainamisha kichwa, nikasema mwoneni alivyo mnyenyekevu. Ninakuamini kuliko ninavyoliamini kabati lenyewe. Kama kuna kitu, hata kidogo, niambie.

Daktari


Jumatatu, 31 Machi

Daktari,

Nimekaa na barua yako siku nyingi.

Mwambie Mama Pacha apandishe joto kidogo. Digrii mbili hivi. Asome arobaini na nne. Mashine ikizeeka inakuwa na tabia zake, kama sisi. Ajaribu tu, usimuulize mtu sababu.

Nyanya zimeingiwa na ugonjwa.

Fundi


Jumanne, 8 Aprili

Fundi,

Sikutegemea hili kutoka kwako.

Kwenye arobaini na nne hata seli isiyo na kasoro inaanza kuumwa. Nitapata nyuzi, ndiyo, na zitakuwa nyuzi za joto la kupita kiasi, hazitakuwa na habari yoyote na Kishikizo. Unajua hivyo, tulifundishana wenyewe. Unachoniambia ni nichochee moto mpaka nipate jibu ninalolitaka. Huo ni upishi. Najua umesema kwa kunihurumia, ndiyo maana imeniuma zaidi. Umeona mwanamke mzee anakaribia kuaibika ukaamua kumsaidia kudanganya.

Barua ya kuiondoa makala nimeshaiandika. Nimekuwekea nakala humu ndani, kwa kuwa jina lako lipo kwenye shukrani na una haki ya kujua. Naipeleka tarehe thelathini kama nilivyosema.

Na nitamtafuta Kobe. Nitamwandikia kwamba yeye ndiye aliyeona na mimi ndiye niliyekuwa kipofu. Nalala vibaya siku hizi. Nafunga macho namwona amesimama pale mbele ya ubao, ameshika visahani vyake kwa mikono miwili, ananisubiri nimalize kusema.

Daktari


Jumatano, 16 Aprili

Daktari,

Mke wangu ndiye aliyeifungua barua yako, mimi nikiwa bustanini. Nilipoingia alikuwa amekaa na miwani yangu mapajani. Akaniambia hanipi miwani mpaka niahidi kukuandikia ukweli, kwa sababu yeye anaujua, na amechoka kuutunza. Nimeahidi, na sasa naandika.

Miaka kumi na tisa iliyopita, Jumatano, nilikuwa nafuta mlango wa kabati la joto kwa kitambaa. Kipimajoto kikaanguka. Kile cha kwanza, kilichokuja na kabati, chenye cheti. Nikavikusanya vipande nikabaki nimevishika.

Chupa mbili zilikuwa tayari zimeandikwa kwenye daftari, na wote tulijua kwamba ukivunja cha tatu jina lako linakwenda kwa utawala. Lakini si utawala nilioogopa. Unamkumbuka yule mama aliyekuwa anasafisha korido? Uliwahi kulisoma jina lake Jumatatu kwa bilauri moja. Akacheka pamoja na sisi wote. Baadaye nikamkuta stoo amekaa juu ya ndoo, analia. Niliogopa kusomwa, Daktari. Mtu mzima mwenye watoto, niliogopa kusomwa.

Vipimajoto vipya vilikuwa ofisini kwako, kwa kufuli na kwa sahihi yako. Stoo kulikuwa na kabati bovu la zamani, ndani yake kuna kipimajoto kinachofanana na kile kama shilingi kwa ya pili. Nikakichomoa, nikakitundika mlangoni. Nikavizika vipande nyuma ya jengo, karibu na bomba.

Kile cha stoo kinadanganya. Kinasoma digrii mbili zaidi. Kikisema arobaini na mbili, ndani ni arobaini tu. Nilikuja kujua baada ya Kobe kuondoka. Matokeo yake yalinikosesha amani, nikakilinganisha na kipimajoto cha bafu la maji, lile beseni la kupashia chupa. Nilipojua, yeye alikuwa ameshakwenda na mambo yameshatulia. Nikiweka kingine lazima uandike sahihi, na ukiandika sahihi utauliza. Basi kuanzia siku ile kila jaribio nililipandisha mpaka kinasoma arobaini na nne, na kwenye daftari nikaandika arobaini na mbili. Miaka kumi na sita nimefanya hivyo, mpaka mkono ukazoea na kichwa kikasahau. Namba zako zote ni za kweli. Hukumdanganya mtu hata siku moja.

Siku ya kuniaga nilitaka kukuambia. Nilikuwa nimepanga maneno kabisa. Kisha ukalifungua lile daftari.

Usiipeleke hiyo barua. Chukua kipimajoto kutoka kabatini kwako ukitundike pembeni ya kile, utaona mwenyewe.

Sijui mtu anaomba vipi msamaha wa kitu kama hiki. Nyanya nimezing'oa zote.

Fundi


Ijumaa, 25 Aprili

Fundi,

Nimevitundika pamoja. Changu arobaini, chako arobaini na mbili. Tulivikodolea macho kama dakika kumi hivi, mimi na Mama Pacha. Kisha tukapandisha mpaka changu kikasoma arobaini na mbili, tukasubiri saa tatu, tukaangalia. Nyuzi, Fundi. Nyuzi ndefu nzuri, bila hata seli moja iliyogawanyika. Mama Pacha alinikumbatia mpaka miwani yangu ikapinda.

Nilifurahi. Nilifurahi kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Niliichana ile barua ya jarida, nikajiambia Desemba nitakaa kwenye kiti changu kwa amani. Kisha nikakumbuka.

Kobe hakukosea. Alichoniletea ni kile kile zinachofanya seli kwenye digrii arobaini. Aliona sawasawa mara sita. Mimi nilikuwa na vipimajoto tisa kwenye kabati la ofisini, hatua ishirini kutoka pale aliposimama, na ufunguo ulikuwa shingoni mwangu. Sikuinuka. Ilikuwa rahisi zaidi kumwambia hana jicho.

Nimekukasirikia sana, usidhani sikukasirika. Lakini kila nikitaka kukuandikia matusi nakutana na yule mama juu ya ndoo. Simkumbuki kabisa. Nimejaribu kuikumbuka hata sura yake nikashindwa. Jumatatu nimekiandika kipimajoto chako kwenye daftari, kwa tarehe yake ya miaka kumi na tisa iliyopita, na sikukisoma. Nimewaambia kuanzia sasa halisomwi tena. Walitazamana, kisha wakaendelea na kikao.

Kobe nimempata. Anafundisha baiolojia shule ya sekondari. Nimemwandikia kila kitu, na nimemwekea nakala ya barua yako. Sikukuomba ruhusa, nisamehe, lakini naona ni haki yake kuisoma kwa mwandiko wako. Nimemwambia kwamba mimi na Mama Pacha tunaandika makala ya mwisho, inayoonyesha jinsi Kishikizo kinavyoshikilia kwenye arobaini na kuachia kwenye arobaini na mbili. Nusu ya kwanza ni kazi yake yeye Kobe, na naomba jina lake liwepo. Nimemwomba pia aje amalizie shahada yake kabla sijaondoka. Nafasi ipo.

Panda nyanya nyingine.

Daktari


Ijumaa, 30 Mei

Kwa Daktari,

Shikamoo.

Barua yako nimeipata mwezi uliopita. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Tulikuwa na mitihani, na mama yangu ninayeishi naye amekuwa mgonjwa, lakini hizo si sababu. Niliisoma, nikaiweka chini ya madaftari ya kusahihisha, na kila nikimaliza rundo moja naliongezea lingine juu yake.

Mliniita Kobe. Sikuwahi kulipenda jina hilo, ila nitatia sahihi hivyo ili ujue kwa hakika ni mimi.

Unaniuliza nimekuwaje. Nina darasa la wanafunzi hamsini na wawili na hadubini moja. Wanapanga foleni, kila mmoja anaangalia, na mimi nasimama pembeni na kitabu nikiwasomea kile wanachopaswa kukiona. Akitokea mmoja akaniita, "Mwalimu, njoo uone hii ni nini," namwita mwenzake aangalie. Miaka kumi na nane nimefundisha hivyo na sijawahi kuinama kuangalia mwenyewe. Wanafunzi wanadhani ni mbinu ya ufundishaji. Mkaguzi mmoja aliwahi kunisifia.

Siji, Daktari. Nakushukuru kwa nafasi, lakini nina miaka arobaini na sita, nina mgonjwa ndani, na nimechoka kwa namna ambayo shahada haiwezi kuitibu. Jina langu liweke. Ile kazi niliifanya. Liandike lote, kama lilivyo kwenye jalada la daftari langu la maabara, ambalo nakutumia pamoja na barua hii. Nililiweka miaka yote, sijui kwa nini. Majaribio yote sita yamo.

Mshukuru Fundi kwa kuandika, najua si rahisi. Ila kuna siku moja ameiruka. Anasema alijua baada ya mimi kuondoka, na labda kweli alihakikisha wakati huo. Lakini fungua ukurasa wa jaribio la tatu. Chini kabisa nimeandika hivi: "Nikiingiza mkono kabatini naona joto halitoshi. Nimemwomba Fundi kipimajoto cha pili nilinganishe. Amesema hakipo, na kwamba Daktari hapendi watu wa visingizio."

Utaiona sentensi hiyo imekatwa kwa wino mwekundu. Usimlaumu Fundi, hakuligusa daftari langu. Nawe hukuligusa. Jumatatu ile, baada ya kikao, nilirudi nyumbani nikalifungua ili nitafute mahali nilipokosea, kwa sababu ulikuwa umesema nimekosea, na mimi nilikuamini. Nilisoma kurasa zote. Nilipofika pale nikaona kweli, hiki ndicho kisingizio chenyewe. Nikachukua rula, nikaikata mwenyewe.

Kobe